Mwanzi wa Mlangoni

Kamba ya kupimia niliishika mimi. Ninalisema mapema kwa sababu siku hizi kikundi chetu kikikutana, kila mtu husema "tulipima", kana kwamba tuliishika wote.

Kila Jumamosi tulishuka Mto Mathare na reki na magunia, tukiopoa nepi na mifuko ya plastiki. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu, mama mjane mwenye asili ya Lamu, aliyetuchemshia chai ya tangawizi na kutugombeza tukichelewa. Mama yangu mzazi alipofariki, ni yeye aliyenilisha mwezi mzima. Nilimwita mama bila hata kufikiria.

Tulipochoka kuona vibanda vipya vikisogea hadi majini, tuliamua kupanda mianzi kuonyesha nafasi ya mto inaishia wapi. Nyumba za zamani, tulikubaliana, hazitaguswa. Kamba ilipofika kwake ikapita mbele ya mlango, nyumba yote ikabaki upande wa mto.

"Si uikunje kidogo, msee," mwenzangu akaninong'oneza. "Huyu ni mathe, mama yetu sote."

Nikakataa. Nina kichwa kigumu, na siku hiyo nilijiona mtu wa haki kwelikweli. Mama akacheka. "Mwacheni mwanangu apime. Mwanzi wa hapa nitaupanda mwenyewe." Akaupanda hatua nne kutoka mlangoni, akawa anaumwagilia maji ya kusuuzia vyombo.

Kisha mvua kubwa zikanyesha, mto ukafurika, watu wakafa maji bondeni. Ikatoka amri kwamba wanaoishi kando ya mto wahame. Asubuhi moja akaja afisa na faili kwapani, akaitazama mianzi, akauliza nani aliyepima.

"Ni mimi," nikasema, kifua nimekitunisha.

Akanipa mkono. "Mmetupunguzia kazi sana."

Nilidhani anasifu usafi wetu. Siku mbili baadaye tingatinga likafuata mstari wa mianzi yetu, likabomoa kila kilichokuwa upande wa mto, na halikuvunja hata mwanzi mmoja. Mama alikuwa barabarani, ameketi juu ya godoro lake, buibui limejaa vumbi. Nilitamani anitukane. Alinikabidhi tu kopo lake la kumwagilia. "Usiuache ukauke," akasema.

Sasa anaishi kwa binti yake, mtaa wa Lucky Summer, chumba kimoja na wajukuu watatu. Mimi humwagilia ule mwanzi nikilia, mtu mzima na ndevu zangu, na wenzangu hujifanya hawanioni. Jumamosi jioni mama hunipigia simu kuuliza habari zake. Namwambia umenipita kimo, na ni kweli.

"Na mto je?"

"Uko safi, mama."

"Basi alhamdulillahi. Hatukuhangaika bure."

Hapo kila mara nafungua mdomo nimweleze kuhusu ule mkono niliopewa na afisa. Kisha namuuliza kama amekula.