Koti la Bwana Harusi Lililokataa Maji

Hii aibu nimejaribu kuificha nikashindwa, juu albamu ya harusi ya dadangu Nekesa iko kwake hapo Kambi Muru na kila mgeni lazima afunguliwe, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe.

Asubuhi ya harusi tulikuwa kwetu mtaani Kawangware 56, watu wa bwana harusi, Otieno, wamejaa wakila, na mimi (muhula wa kwanza chuoni, mdomo wa profesa) nikaamua kuwaonyesha kitu kimoja kidogo tu. Koti lake jeupe nilikuwa nimelipulizia dawa ya nano, ile ya kufanya nguo isishike maji. Nikawaeleza chembe za nano ni ndogo mpaka unywele mbele yake ni gogo, na kitu kikiwa kidogo hivyo kinabadilisha tabia, hata dhahabu inaweza kugeuka nyekundu.

“Dhahabu nyekundu?” mamake Otieno akauliza. “Na huyu ndiye mnalipia fees?”

Walivyocheka! Nikaona wacha niwanyamazishe, nikamwagia Otieno glasi ya maji kifuani, koti akiwa amelivaa. Maji yakajikunja kama shanga yakateleza chini, vile hufanya kwa jani la nduma. Makofi, vigelegele!

“Maji ni maji tu,” mamake Otieno akasema. “Jaribu supu.”

(Hapo mwenye akili angekaa chini.) Nikachukua bakuli ya supu ya samaki, nikamimina. Kumbe ile dawa inafukuza maji lakini mafuta haiyajui, baka la manjano likatambaa mpaka mfukoni.

Nikakimbia na koti kwa bomba, na huko ndiko mambo yaliharibika kabisa, juu kila nikimwaga maji yanateleza, yanakataa kuingia yaoshe! Nekesa akatokea na gauni lake la harusi, maua mkononi.

“Wewe! Umefanya nini?”

“Dawa inafanya kazi,” nikamjibu (sijui hata kwa nini).

Otieno alicheka mpaka akashika ukuta. “Shemeji, tulia. Nipeni hayo maua.” Akavaa koti, akayakumbatia kifuani kuficha baka, kutoka kanisani huko Olympic mpaka kukata keki, na ndio maana kila picha bwana harusi ndiye amebeba maua na bibi harusi mikono mitupu.

Mamake mpaka leo ananiita Profesa. Nimeapa: sayansi nitaijaribu kwa nguo zangu, na kabla nimwage chochote nitasoma chupa yote, hata yale maandishi madogo ya nyuma.