Maktaba ilipowaruhusu raia washike picha za kale, bibi wa Temeke akaja kumtafuta mama yake

Wakuu, salaam. Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe na kitambaa cha vumbi mkononi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msaidizi kwenye maktaba moja ya utafiti huku Kinondoni. Jina nabaki nalo. Bosi wetu, mama msomi asiyependa makabati yaliyofungwa, akaamua raia wa kawaida waje washike vitu vya kale kwa mikono yao: picha, ramani, magazeti ya enzi za mkoloni.

Mimi sikuipenda hiyo ishu. Nilishaona wasomi wenyewe wanavyolamba vidole kufunua kurasa.

Tukabandika matangazo hadi Temeke na Kiwalani.

Sasa kumbukeni, kipindi kile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa. Watu wakadhani ni mnada. Jamaa mmoja wa Tabata akashika ramani, akaigeuza, akauliza, "Braza, hii mnaanzia ngapi?"

Nikamwambia haiuzwi. Akasonya, akaenda kwenye soda za bure.

(Soda ziliwavuta wengi kuliko historia, tusidanganyane.)

Baadaye akaingia Bi Mwanahawa wa Temeke, umri kama miaka sitini. Nikamwamkia, nikamwonyesha beseni na sabuni, maana sharti lilikuwa kunawa kwanza. Akanawa, akajifuta, akatoa kwenye mkoba kipande cha kanga kuukuu.

Mama yake alifariki akimzaa. Hakuacha picha. Mama mkubwa aliyemlea alimwachia kile kipande cha kanga ya marehemu, akamwambia mama yake alikuwa mchezaji wa lelemama, ile ngoma ya wanawake, na kikundi chao kiliwahi kupigwa picha na Mzungu.

"Mwanangu, mie sura ya mama sijawahi kuiona. Nisaidie kutafuta."

Nikaleta bahasha ya picha za ngoma. Tukalinganisha moja moja na kile kipande. Sikuwa na matumaini, lakini kwenye moja pindo la kanga likalingana kabisa, yale maua ya korosho, korosho kwa korosho.

Tatizo likaja hapo. Lelemama ni sare. Wanawake wote pichani wamevaa kanga ile ile, na nyuma pameandikwa tu: Wanawake wakicheza, Temeke.

Akawapitia sura kwa sura. Mama mkubwa alishazikwa, hapakuwa na wa kuuliza. Nikajaribu kumsaidia, nikasema labda ni huyu mwenye pua kama yako.

"Usinichagulie mama, mwanangu."

Nikaondoa kidole pichani.

Akaiweka picha mezani, akajitanda vizuri, akasema, "Shikamooni, mama zangu."

Bibi wa miaka sitini anawaamkia mabinti wa miaka ishirini. Niliumia, sifichi.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu. Akanipa penseli, akamuuliza bibi jina la mama yake tuliongeze kwenye kadi ya picha. Bibi akafikiri kidogo.

"Andika mmoja wao ni Mama Mwanahawa. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo."

Nikaandika.

Nilichojifunza ni kimoja tu, wakuu. Shusheni zile picha za ukutani leo, muulizeni mzee aliyebaki nani ni nani, muandike nyuma. Kwa penseli, wino unapenya.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu nani amebaki anayewajua?