Kicheko cha Mkanda wa Thelathini na Moja

Mjini kwetu, huku mashambani Marekani, hakuna ambaye Delbert Hruska hakumpiga picha. Ukimaliza shule, kwa Delbert. Ukioa, kwa Delbert. Ukizaa, mtoto hajafikisha arobaini ushambeba kwenda kwa Delbert, naye atamtikisia mwanasesere wa sufu mpaka acheke. Alikuwa na kipaji hicho cha kumchekesha mtu asiyetaka kucheka. Mabibi harusi wenye kiatu kinachobana walicheka. Hata marehemu babu yangu, mkulima wa mahindi aliyenuna tangu mavuno ya mwaka wa ukame, alitoka studio ya Delbert na picha ambamo anatabasamu, na tukaizika naye.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mkanda mmoja wa filamu. Kila mwezi wa kumi na moja, ile siku ya kuwaenzi askari wa zamani, shule ilimwita Delbert awaonyeshe watoto filamu aliyoipiga Vietnam mwaka wa sitini na saba, alipokuwa mpiga picha wa jeshi. Ni sekunde ishirini tu. Askari kijana anawasha kiberiti cha petroli, anakipeleka kwenye paa la nyasi, moto unashika, anageukia kamera na kucheka, meno yote nje. Televisheni zimeionyesha sijui mara ngapi. Ukitaka kumwonyesha mtu ubaya wa vita vile, unamwonyesha yule kijana anayecheka.

"Mzee Hruska, uliogopa?" watoto walimuuliza.

"Kamera haiogopi, mwanangu."

Jibu tamu kulisikia, na la kipumbavu kabisa. Baada ya hapo angeenda mkahawani kunywa kahawa ya bure, na wazee wenzake wangempigapiga mgongoni. Sisi sote tulijivunia, tusijitie usafi leo.

Mkewe Arlene peke yake hakuupenda mkanda ule. "Huyo kijana anacheka nini?" alimuuliza siku moja.

"Vijana hucheka tu," Delbert akajibu, akabadilisha maneno.

Siri ya maiti aijuaye mwosha. Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, gari lenye namba za jimbo la Kentucky lilisimama mbele ya nyumba yao saa nne asubuhi. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, nguo zimejikunja kwa safari ya siku mbili, mkononi ana karatasi.

"Wewe ndiye Hruska aliyekuwa mpiga picha wa jeshi?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani, mama. Umetumwa na shule gani?"

"Sijatumwa na shule. Naitwa Rhonda. Mimi ni binti wa Lonnie Tackett."

Delbert alilijua jina lile. Alikuwa ameliandika kwa mkono wake mwenyewe. Akaingia ndani, akakaa kabla mgeni hajakaa, jambo ambalo si la adabu kwetu.

Arlene alileta kahawa na sahani ya kolache, vile vikate vyetu vyenye jemu ya plamu katikati. Rhonda hakugusa. Aliikunjua karatasi yake juu ya meza.

"Ghala la filamu la serikali limeweka mikanda yake kwenye mtandao," alisema. "Na zile karatasi ambazo wapiga picha mlikuwa mnazijaza kwa kila mkanda. Sikiliza. 'Mkanda wa thelathini na moja. Askari Lonnie Tackett, wa Kentucky, achoma nyumba iliyokutwa na bunduki za adui. Nyumba tupu.' Mwandiko wako huu?"

"Wangu."

"Nilikuwa darasa la saba walipoionyesha televisheni. Kesho yake wenzangu wakaniwashia viberiti usoni, wananichekea. Kanisani walimwachisha baba kufundisha watoto. Mama akaondoka. Baba hakujitetea hata siku moja, Bwana Hruska, hata neno. Sasa mapafu yamekwisha, daktari ametupa wiki chache. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Alikuwa anacheka nini?"

Delbert alikuwa na jibu lake la siku zote, lilishafika mdomoni. Arlene alikuwa amesimama mlangoni na birika, anamtazama. Aibu aliyoikalia miaka arobaini na mitano ikampanda mpaka masikioni, akajiona mchafu, mzee mzima, hapo hapo kwenye kiti chake.

"Alinicheka mimi," akasema. "Yaani, nilimchekesha."

"Ulimchekesha?"

"Jeshini walitufundisha hivi: piga picha ya mbali, piga ya kati, piga ya karibu. Usipokuwa na ya karibu, wakubwa wanautupa mkanda. Siku ile amri ilikuwa kuchoma nyumba moja, ile yenye bunduki. Nikapiga ya mbali, nikapiga ya kati. Nilipotaka ya karibu, mkanda ukaisha. Mpaka nimeweka mwingine, nyumba imekuwa majivu. Nikamwonyesha baba yako nyumba ya jirani."

"Ya jirani," Rhonda alirudia. "Ambayo haikuwa na kitu."

"Nilihitaji ya karibu."

"Na baba akakubali tu?"

"Alikataa! Alisema, 'Hiyo haimo kwenye amri, kaka.' Nikamwambia, 'Sajini hajali, na mama yako atakuona sinemani.' Basi akasogea, lakini mkono unamtetemeka, na mtu anayetetemeka hapendezi kwenye picha. Nikampigia kelele, 'Wewe jifanye ni choo cha mwalimu wenu mkuu!' Maana vijana wa mashambani wote tulishawahi kuchoma au kuangusha choo cha mtu. Ndipo akacheka. Kamera ile haikuchukua sauti. Kwa hiyo mimi sisikiki."

Arlene aliweka birika chini. "Na mwaka hata mwaka unakwenda kuwaonyesha watoto wa shule, Delbert," alisema polepole. "Na mimi nakupigia pasi shati la kwenda nalo."

Delbert alitamani Rhonda amtukane, amalize. Rhonda hakumtukana. Alitoa simu, akabonyeza namba, akafungulia spika na kuiweka mezani kando ya sahani.

"Mwambie mwenyewe," alisema.

Upande wa pili ilisikika mashine ya hewa, kisha sauti nyembamba. "Rhonda? Umempata?"

"Lonnie," Delbert akasema. "Ni Hruska. Yule wa kamera."

"Ahaa. Bwana kelele." Akakohoa. "Bado unaishi, kumbe."

"Lonnie, ile nyumba ya pili ni mimi. Na kicheko ni mimi. Nimemweleza binti yako yote. Nitaandika barua, nitatia sahihi, nitaipeleka kule ghalani waibadilishe ile karatasi, dunia nzima ijue. Nimekukosea, ndugu yangu. Nimeona aibu maisha yangu yote, na bado nikanyamaza."

"Kicheko nimeshakizoea," Lonnie akasema. "Tuache hicho. Nina pumzi kidogo, nisikilize. Rhonda alinisomea karatasi yako mwezi wa tatu. Kila asubuhi namwambia anisomee tena, zaburi nimeziacha. Umeandika, nyumba tupu."

"Ndiyo."

"Maana mimi sikuingia mle. Niliwasha, nikageuza mgongo, nikaondoka. Kila nikilala nasikia mtu ndani. Daktari anasema ni dawa. Lakini wewe ulibaki pale na kamera yako, kisha ukaandika, tupu. Sasa nalala, Hruska. Miaka yote hii, sasa ndio nalala." Mashine ikavuta, ikashusha. "Ulichungulia, sivyo? Kabla sijawasha. Ulichungulia ndani?"

Neno "ndiyo" ni dogo. Mtoto anaweza kulisema. Rhonda alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, anatikisa kichwa juu na chini, anamwomba Delbert kwa macho alitoe, yeye aliyeendesha siku mbili kutafuta ukweli. Na Delbert alijua vizuri jinsi karatasi ile ilivyojazwa: gotini, ndani ya helikopta, kwa haraka, akiandika "nyumba tupu" kwa sababu kila mpiga picha aliandika hivyo na hakuna aliyewahi kurudishiwa karatasi. Alikwisha kumdanganya mtu huyu mara moja.

"Sikuchungulia, Lonnie," alisema. "Niliandika tu."

Mashine ya hewa ikaendelea. Rhonda akainyakua simu, akaikumbatia sikioni kwa mikono miwili, akatoka nayo barazani, na kutoka ndani walimsikia akisema, "Baba? Baba, niongeleshe. Baba."