Mishale ya Kilimani

Mzee anayechora mishale ya kuonyesha njia kwenye kile kilima cha granaiti hana haraka. Hupiga magoti, hupuliza vumbi, hulifuta jiwe kwa kiganja kikavu kama jiwe lenyewe, ndipo huchovya brashi kwenye rangi nyeupe. Kila mwaka mishale yake huiongezea njia kona moja. Wapandaji humlalamikia: "Mzee wetu, kilele si kile pale? Mbona unatuzungusha?" Naye hujibu bila kuinua kichwa: "Kilima chenyewe kifupi. Mkifika kabla jasho halijawatoka, mtasema hakuna kitu." Basi hufika juu wakihema, wakatazama mabati ya mji yanavyometameta, wakajiona wamefanya la maana.

Siku mkewe alipopata nafuu ya goti, alitaka naye akakione kilele. Kwa kulihurumia goti hilo, mzee akampitisha njia ya mkato, dakika kumi tu. Mkewe akatazama huku na huku. "Ndicho hiki tu kinachokutoa nyumbani miaka yote hii?" Mzee akakuna kidevu. Kisha akamshika mkono, akamshusha polepole kwa njia ndefu, mishale yote ikiwaelekeza juu walikotoka.