Joto Lililofungiwa

Hivi wewe, ukiambiwa ufunguo wa riziki yako unakaa kwenye droo ya mtu asiyekujua hata kwa sura, utafanya nini?

Usijibu haraka. Dakika naye alidhani ana jibu.

Dakika ni jina la kiwandani. Fundi huyu, mwenye miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya vifuniko vya chupa za sabuni, hawezi kukuambia "subiri kidogo". Atakuambia "subiri dakika saba", na ya nane ikianza anaomba radhi. Akina mama wa kufungasha humtania kwamba hata mke alimposa kwa saa. Mkewe, anayefungasha pamoja nao, hudakia: "Na siku hiyo alichelewa, msimsifie."

Mashine yenyewe haina makuu. Chembe za plastiki zinaingia juu, zinayeyuka, zinasukumwa kwenye kalibu inayozipa umbo, vifuniko vinadondoka kikapuni. Siri yote ni joto. Zamani Dakika alilipanga mwenyewe. Kisha zamu moja ikachezea vitufe, mzigo wa siku mbili ukaharibika, na makao makuu yakaleta dawa yao: kisanduku cha chuma juu ya vitufe, na kufuli. Ufunguo ukabaki makao makuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Anayetaka kubadili joto aandike barua, wakubwa watatu wasaini. Kwa kuwa chembe zilikuwa zilezile, za muuzaji yuleyule wa ng'ambo, hakuna aliyeona ubaya.

Mpaka Jumatatu, mafuriko yalipoifunga bandari ghafla.

Meneja alihangaika akapata chembe nyingine mtaa wa pili, kwa wasaga plastiki kuukuu. Hizi ni laini, zinayeyuka mapema. Kwa joto lililofungiwa zilitoa vifuniko vya kahawia, vimeungua kingo, vinanuka kama waya ulioungua. Mwenye sabuni, mnunuzi wao pekee, alikishika kimoja kwa ncha za vidole.

"Nawapa mpaka Alhamisi saa kumi. Nikikosa kizuri, nahamia kwingine."

Dakika akamfuata meneja ofisini. "Bosi, nishushe digrii arobaini tu. Robo saa nimemaliza."

"Barua imeshaenda."

"Barua imeenda, chembe zimekuja. Sasa niyeyushe barua?"

Meneja akacheka bila kupenda. "Aliyegusa kufuli hilo mwaka jana alifukuzwa kabla ya chai. Mimi nina watoto, Dakika."

"Na mimi nafuga paka?"

Jumatano simu ikaleta habari: sahihi mbili zimepatikana, mkubwa wa tatu yuko safarini. Alhamisi asubuhi mkewe alimtazama akifunga viatu.

"Baba, ukikata kufuli unafukuzwa wewe. Usipokata tunarudi nyumbani wote. Hapo kinachokushinda ni nini?"

"Leo watasaini."

"Haya. Wasubiri."

Akawasubiri. Watu themanini wenye mikono na ujuzi walisimama siku nzima mbele ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa mkate, wakingoja ruhusa ya kufanya wanachokijua kuliko anayeitoa. Nani aliwafundisha kuwa kusimama hivyo ndiyo nidhamu?

Saa tisa na nusu Dakika alichukua msumeno wa chuma. Hakuna aliyemzuia, meneja aligeukia dirishani, akatazama ukuta wa jirani. Kufuli likaanguka, Dakika akashusha joto, akatega sikio kusikia feni ya kupoza mashine, iliyokaa nyuma ya vitufe. Kimya. Feni ilikuwa imekufa ndani ya kile kisanduku, siku gani hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyewahi kukifungua. Robo saa yake ilikuwa ya zamani. Mashine sasa ilipoa kwa hiari yake, na akina mama wakaipepea kwa vipande vya boksi, wakicheka, kisha bila kucheka.

Saa kumi na dakika ishirini kikadondoka kifuniko cheupe, kingo safi. Kikafuata kingine. Mkewe akakichukua bado cha moto, akakimbia nacho ofisini. Meneja alikuwa ameshika simu mkononi, imeshakatwa.

"Mwenye sabuni amesaini kwingine," alisema. "Saa kumi na dakika tano."

Dakika akasimama mlangoni. "Basi niandikie barua ya kunifukuza, bosi."

"Nikufukuze kutoka wapi?"

Kesho yake asubuhi Dakika alifika kiwandani na mkewe kama kawaida, maana hakuna aliyewaambia wasije. Lori la mwenye sabuni lilikuwa linasimama getini. Akina mama wakalikimbilia, mmoja akapiga kigelegele, mlinzi akafungua geti lote kwa mbwembwe.

Dereva akashusha kioo. "Shikamooni mama zangu. Nimetumwa makreti yetu tu, yale matupu."

Mkewe Dakika akaenda kwenye rundo la makreti, akainama, akabeba mawili. Wenzake wakamfuata, na dereva akapanda nyuma kuwaonyesha pa kuyapanga.