Kigari Kilichobeba Maiti

Ipo Jumapili moja ya kule Rujewa, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo huweka chini chochote nilichoshika, wala si kwa uzee. Ni hasira. Watu huniambia, bibi, samehe, hayo ni ya zamani. Nimesamehe mengi mimi. Hili nimeliweka, na nitakueleza kwa nini, ila uniache niseme kwa mwendo wangu, maana nikiharakishwa nitatukana.

Ilikuwa miaka ya sabini, ile ya petroli kuadimika. Mume wangu Yohana alikuwa bwana shamba, akapangiwa kazi Rujewa kwenye mashamba ya mpunga. Sisi ni watu wa Iringa, Walutheri, tumezoea baridi na viazi. Tukajikuta katika joto la Usangu na mbu wake. Tulikwenda na kigari chetu, ambacho Yohana alikinunua kwa mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa kidogo, rangi ya maziwa, na nyuma hakikuwa na buti kama magari mengine. Kilikuwa na mlango mzima unaofunguka kwenda juu, na ukikilaza kiti cha nyuma unapata sakafu ndefu ya kupakia mzigo, au kumlaza mtu.

Walipokiona mara ya kwanza pale Rujewa walicheka. "Bwana shamba, hiki kikikua kitakuwa gari gani?" Wakakipa jina, Kifaranga.

Kukaa na kigari kile kulikuwa kama kukaa na mtoto wa mwisho, leo anakuchekesha, kesho anakuliza. Kiangazi vumbi liliingia kwa ule mlango wa nyuma hata tuufunge vipi, tukifika safari nyusi zimekuwa nyeupe. Masika udongo mweusi wa Usangu ulikinasa, nami nikashuka kusukuma, kitenge nimekifunga kiunoni, huku Yohana kwenye usukani akipiga kelele, "Sukuma, mama!" kana kwamba nimekaa. Mkanda wa feni ulipokatika vipuri havikupatikana popote, akakata tyubu ya baiskeli, akaifunga, tukaenda nayo Chimala na kurudi. Krismasi tulipanda nacho kwenda Iringa, na pale Mafinga tulipolala, asubuhi kiligoma kuwaka kwa baridi mpaka tulipokiletea birika la maji ya moto. Lakini kilikula mafuta kidogo. Siku ambazo malori yamelala kwa kukosa dizeli, Kifaranga kilitembea. Nilikipenda, na nilikiosha kwa mikono yangu.

Majirani nao walikitumia. Mwenye kuku wa kupeleka mnadani, mwenye gunia la mpunga, mwenye mtoto anayeharisha, wote walibisha hodi kwetu. Hatukunung'unika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tulikuwa wageni.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyetoka Rungwe na ukoo wake kuja kulima mpunga. Mtu mrefu, msemaji wa polepole, akikohoa kijiji kinanyamaza. Siku moja alikuja barazani kwetu ameshika kofia mkononi. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa amefia hospitali ya Chimala.

"Mwanangu Yohana," alisema, "lori halina dizeli. Nisaidie nimpeleke kwetu Rungwe. Asizikwe ugenini kama mtu asiye na watu."

Yohana hakuuliza mara mbili. Alikilaza kiti, jeneza likaingia, likabaki limetokeza nyuma. Wakauacha mlango juu na kuufunga kwa kamba ya katani. Kifaranga kilipanda milima ya Rungwe na mzigo ule polepole, kikichemka njiani wakikipa maji. Waliporudi, mzee alimshika Yohana mikono yote miwili, akalia mbele yangu. Akasema, "Umenizikia ndugu. Sitakusahau."

Na kweli hakutusahau. Haikupita muda mrefu, akina mama waliokuwa wakija na vikapu vyao wakaanza kupita pembeni. Watoto waliokuwa wakining'inia kwenye mlango wa nyuma wakaitwa na mama zao kwa ukali. Jina la Kifaranga likafa, kikaitwa Jeneza. Nilipouliza maneno haya yametokea wapi, nikaambiwa yametoka uani kwa Mzee Ambakisye. Yohana alicheka tu, akasema tenda wema nenda zako. Mimi sikucheka, ila nilinyamaza, kwa kuwa mpaka hapo hakuna aliyeumia isipokuwa sisi.

Sasa nikujuze kwa Atupele. Huyu alikuwa mke wa kijana wa Mzee Ambakisye, rika langu, mcheshi, ndiye aliyenifundisha kupepeta mchele bila kuumwaga nusu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Na hapa lazima uelewe desturi ya wenzetu wale wa wakati ule. Kwao mwanamke aliyeolewa haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hatamki jina lake, hapiti mbele yake. Mzee akikaribia hukohoa, mkwe akajificha. Mara nyingi Atupele alikuwa jikoni kwangu, tunaongea, ghafla kikohozi njiani, naye tayari yuko nyuma ya mlango amejifunika kanga kichwani.

Nilimcheka. Naye akanicheka, "Ninyi Wahehe! Mnaweza hata kukaa chumba kimoja na mkwe. Mwe!"

Siidharau desturi ile, mwanangu. Iliwekwa kumlinda binti katika nyumba ya watu, mzee asimzoee. Shikilia hapo, nitarudi.

Jumapili ile tulitoka kanisani tukakuta uchungu umemshika Atupele tangu jana yake. Bibi Tusekile, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa pale, alitoka nje anafuta mikono, akasema mtoto amekaa vibaya, mikono yake haiwezi, apelekwe Chimala sasa hivi. Wakati ule serikali ilikuwa imekataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana petroli, na saa nane ilikuwa inakaribia. Yohana alisema, "Wanikamate nikirudi. Mleteni." Akakileta kigari mpaka kwenye lango lao. Tukafungua mlango wa nyuma, tukalaza kiti, nikatandika godoro letu la kitandani.

Hapo ndipo Mzee Ambakisye alipotoka na kigoda chake. Akakiweka chini nyuma ya gari, pale pale mlango ulipofunguka, akakaa akiutazama mlango wa nyumba.

Hakupaza sauti. Alisema, "Mke wa mwanangu, akiwa na mtoto tumboni, hapandi chombo kilichobeba maiti. Lori la mashine ya mpunga linarudi jioni kutoka Mbeya. Atakwenda na lori."

Umeelewa alichofanya? Hakuhitaji fimbo wala askari. Maadamu yeye amekaa pale, Atupele hawezi kutolewa nje, kwa kuwa angepitishwa mbele ya macho ya mkwe wake. Wanawake walisimama mlangoni wamemshikilia, hawatoki, hawarudi. Desturi iliyowekwa kumlinda ndiyo iliyokuwa inamfungia ndani.

Nilimwendea. Nilimwamkia kwanza, nikapiga magoti kabisa. "Shikamoo baba. Baba, maiti ile ilikuwa ya ndugu yako. Ulikuja kutuomba wewe mwenyewe."

"Marahaba, mama. Wewe ni mgeni hapa, mambo yetu huyajui. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na lori, baba? Lori lile limebeba maiti wangapi wa Usangu hii?"

"Lori ni lori," alinijibu.

Lori ni lori! Mpaka leo sijapata mtu wa kunifafanulia maneno hayo. Gari kubwa la mwenye mali likibeba maiti watu wanasahau kesho yake, kigari cha mtu aliyekusaidia bure kinakumbukwa mpaka kina jina. Bibi Tusekile akatoka, naye alikuwa mkubwa kuliko mzee, akamwambia mbele ya wote, "Ambakisye, kitanda alicholalia huyu mtoto ndicho alichofia mama yako. Mbona hukukichoma? Ondoka hapo, tata, baba yangu, mtoto wa watu anakufa." Mzee akakisogeza kigoda karibu zaidi na gari.

Nikamgeukia mume wa Atupele, aliyekuwa amesimama kwenye ua anazungusha kofia vidoleni. Nikamwambia, nenda kamwinue baba yako. Akaniambia, "Mama, yule ni baba."

Basi tukaamua kutumia njia ya uani. Mimi na Bibi Tusekile tukaubomoa ua wa matete kwa mikono, nina kovu la matete yale hapa kiganjani, na Yohana akakizungusha kigari nyuma ya nyumba kupitia kwenye mahindi. Mwanangu, mzee aliinuka. Akabeba kigoda chake, akazunguka nyumba polepole, akakiweka chini mbele ya lile tobo, akakaa; na tukirudi mbele, angerudi nacho. Wanaume wa kijiji walikuwepo, wamejaa, wametazama chini. Yohana aliwaomba mmoja mmoja wamsaidie kumwondoa, na kila mmoja alimwambia yeye ni mgeni, aheshimu.

Lori lilifika jua linazama. Dereva wake, Mungu ambariki, alitupa magunia chini bila kuuliza ya nani. Ndipo mzee akaondoka na kigoda chake, ametulia, maana neno lake lilikuwa limesimama. Tulimlaza Atupele juu ya magunia yaliyobaki, kichwa mapajani kwangu. Tulipokuwa tunapita langoni alinishika mkono, akaniambia kwa sauti iliyokwisha, "Nifunike uso, asinione." Nilimfunika kwa kanga yangu. Hatukufika hata kwenye lami. Alikufa na mtoto wake tumboni, nikihesabu kila bonde la njia ile na kumlaani mtu mmoja.

Asubuhi Mzee Ambakisye alikuja barazani kwetu, kofia mkononi. Alikuwa amelia, sikatai. Akasema, "Mwanangu Yohana, lori halina dizeli. Tunaomba gari tumpeleke mtoto wetu Rungwe."

Yohana alikuwa mpole, angempa bila neno. Mimi nikatangulia. Nikasema, "Baba, gari hili limebeba maiti."

Nikachukua ufunguo. Nikamwambia gari litakwenda, kwa sababu Atupele hakunikosea kitu, na godoro lile lile nililomtandikia akiwa hai ndilo atakalolalia. Tulipokwisha kumpakia, mzee akashika mlango wa mbele apande amsindikize. Nikamzuia kwa mkono wangu, mimi mwanamke wa kuja, mbele ya kijiji kizima.

"Hapana, baba. Mkwe hapandi gari moja na mkwe. Jana hukutaka kuivunja desturi, na leo usiivunje."

Tukamwacha amesimama njiani. Wengine walisema nilikosa adabu, na barua ilifika mpaka kwa mama yangu Iringa kwamba binti yake anawatukana wazee. Mama alinijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba amefurahi kunizaa. Sijutii, mwanangu. Nikipewa siku ile tena, kitu pekee ambacho ningekibadilisha ni kumwambia maneno makali Jumapili badala ya Jumatatu, na kwa sauti ya kumtoa kwenye kigoda.

Kwa hiyo shika maneno yangu. Heshimu wakubwa, maana hata mimi leo ninaidai heshima yako. Piga magoti, itika, nyamaza ukifundishwa. Lakini desturi ni ua wa nyumba, umewekwa ili wazima ndani wakae salama; siku ukiona ua unamzuia mgonjwa kutoka, ubomoe, na anayekaa kwenye tobo mwinue, hata akiwa baba yako. Utaomba radhi baadaye, yeye akiwa hai na mgonjwa akiwa hai. Kwa maiti radhi haiombwi. Na kwa kuwa wewe ni kijana wa kiume, nakuambia kwa ukali, usije ukazungusha kofia vidoleni huku mkeo anakufa, ukasema yule ni baba. Baba alikuwa na mke wake wa kumtetea. Huyu ni wako.

Wala usiache kutoa msaada kwa sababu watu watakibadilisha jina kitu chako. Kigari kile tulikaa nacho mpaka tulipohama, na mlango wake wa nyuma haukufungwa kwa mtu. Kinachokataliwa kwa wazima kisije kikaombwa kwa ajili ya wafu, hilo tu ndilo ninalolitaka kwa watu.

Sasa inuka, nimechoka. Mungu wa baba zako akupe moyo wa kusikia na mdomo wa kusema kungali mchana. Akupe majirani watakaokuinua, na uzazi wa mkeo uwe mwepesi. Na siku yako ya shida ikifika, mwanangu, njia iwe nyeupe mbele yako, asiwepo hata mmoja aliyeweka kigoda.