Siku Mbuzi Walipoota Mapezi

Nimeshuhudia kwa macho yangu mtu mwenye shahada tatu akiwatangazia wafugaji hamsini kwamba mbuzi wao wana jeni ya mapezi.

Mapezi. Yale ya samaki.

Msicheke bado.

Nafanya kazi kwenye maabara ya mifugo. Bosi wangu tulimbandika jina la Najua, maana ukimwambia lolote, hata kwamba viatu vyake vimepishana, anajibu, "Najua."

Vitoto vya mbuzi vilikuwa vinakufa kabla ya kutimiza mwezi. Tukapima damu, tukapata sehemu yenye kasoro kwenye kromosomu ya tano. Ikabaki kujua pale pana jeni gani.

Kazi hiyo hufanywa na programu. Unaipa anwani ya ile sehemu, inakwenda kwenye hifadhidata ya jeni mtandaoni, inarudi na majina ya jeni na kazi zake. Ila lazima uitajie mnyama. Ukitaja siye, haikugombezi. Kromosomu ya tano hata samaki anayo, basi inakuletea ya samaki, tena kwa adabu zote.

Siku tatu kabla ya mkutano na wafugaji nikayaona majibu ya Najua. Nikamfuata ofisini.

"Daktari, hii jeni mbuzi hana. Angalia programu imeuliza mnyama gani."

"Najua."

"Sasa mbona..."

"Binti, wewe una diploma. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na anayependekeza uongezwe ni mimi. Unataka kunifundisha?"

Nikafyata mkia.

Siku ya mkutano Najua akang'aa kama sahani mpya. Alipomaliza kuitangaza jeni yake, mama mmoja mfugaji akanyoosha mkono.

"Daktari, hiyo jeni kazi yake nini?"

Najua akasoma kwenye skrini, kwa mara ya kwanza nadhani. "Ukuaji wa... mapezi."

"Baba, mbuzi wangu kumi na wawili wamekufa," yule mama akasema. "Walikuwa hawaogelei."

Ukumbi ukalipuka. Mkurugenzi wetu hakucheka. Akaagiza programu ifunguliwe palepale, ionekane ukutani. Juu kabisa, jina la Najua kwa herufi kubwa.

"Umeiandika wewe?"

"Mstari kwa mstari, mkurugenzi!"

"Mbona hapa pameandikwa samaki?"

Akageuka, akaninyooshea kidole. "Kaandika yule! Yule wa diploma!"

Macho yote kwangu. Mkataba nikauona unapaa.

Na hapa ndipo mtanichukia: alikuwa anasema kweli.

Programu ile niliiandika mimi, miaka miwili nyuma, nikijifunza. Samaki nilimweka kwa sababu ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanyama. Najua akaiomba "aitazame kidogo." Sikujua kama bado anayo, mpaka nilipoiona mistari yangu ukutani.

"Ni kweli?" mkurugenzi akaniuliza.

Ningeweza kukana. Jina langu halikuwepo popote.

"Ni kweli," nikasema. "Nakala niliyomtumia ninayo kwenye barua pepe. Naomba niifungue."

Nikaifungua. Jina langu juu. Chini yake: *Hili ni zoezi. Badilisha mnyama kabla ya kutumia.*

Alipofuta jina langu, alifuta na onyo.

Nikaandika "mbuzi" pale penye samaki, nikabonyeza. Ikaja jeni ya mapafu. Yule mama akainuka.

"Walikuwa wanahema kwa shida! Nilisema tangu mwanzo, nani aliniuliza?"

Mkurugenzi akausaini mkataba wangu mpya Ijumaa ya wiki ileile, bila pendekezo la mtu. Mbuzi bado hatujawaponya, nisiwadanganye. Ila sasa tunatafuta ugonjwa ndani ya mnyama sahihi.

Somo? Wewe unayejivika kazi ya mwenzio, angalau isome. Na wewe uliyeifanya, siku ukiulizwa, ikiri pamoja na kosa lake. Mwizi hawezi kufanya hivyo: hajui kosa liko wapi.